Shela Hadi Kipungani kwa Miguu na Kulala Huko: Mwongozo Kamili wa Siku Mbili

Wengi wanaojaribu kutembea kutoka Shela hadi Kipungani, kisiwani Lamu, hurudi kabla ya nusu ya njia. Wanaofika hufika hoi, visigino vimechubuka na chupa za maji ziko tupu. Njia yenyewe haina lawama. Ni ufuo mmoja wa kilomita 12 hivi, bahari iko kushoto kwako na vilima vya mchanga kulia, wala huwezi kupotea hata ukitaka. Ila ukishaziacha nyumba za mwisho za Shela, hakuna kivuli, hakuna duka, hakuna kisima cha mpita njia.

Tatizo ni kwamba watu huchagua siku kwa kuangalia likizo, na bahari haikuulizwa. Wakifika, maji yamejaa mpaka miguuni mwa vilima, na inabidi wakanyage mchanga mkavu unaozama hadi kifundoni, jua likiwa utosini. Katika safari hii maji ndiyo yanayopanga, na mambo mengine yote hufuata.

Mwongozo huu ni wa kisiwa cha Lamu peke yake. Siku ya kwanza mnatoka Shela na kulala Kipungani, ya pili mnarudi mjini kwa njia ya Matondoni. Pwani ya bara kuelekea Kiunga ni habari nyingine, na hali ya usalama ya huko ina taratibu zake. Usiichukue njia hii ukaihamishia kule.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

Maji. Lita 5 kwa kila mtu kwa kila siku. Tatu hubebwa mgongoni, zilizobaki huwa kwenye mzigo. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo watu wanne kwa siku mbili wana kilo 40 za maji tu, kabla hamjahesabu hata sufuria. Ndiyo sababu Hatua ya 4 ipo.

Pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) kutoka duka la dawa, mbili kwa kila mtu. Jasho hutoka na chumvi, na maji matupu hayairudishi.

Nguo. Shati la mikono mirefu la pamba, kofia pana yenye kamba ya kidevuni (upepo wa huku hauombi ruhusa), na kikoi au leso moja ya ziada. Kikoi ni kivuli, ni taulo, ni shuka na ni kitambaa cha kulowesha na kuweka shingoni mtu akizidiwa na joto.

Viatu. Raba nyepesi na soksi, pamoja na ndara za kambini. Wenyeji hutembea peku kwenye mchanga uliolowa na hawana neno. Wewe uliyezoea lami, nyayo zako zitakatika katikati ya njia.

Malazi. Hema nyepesi, au chandarua, mkeka na turubai. Mimi napendelea chandarua na mkeka wakati wa Kaskazi, kwa sababu hema lililofungwa huwa tanuri. Kamba za mita 2 zisipungue nane, na foronya kuukuu nane. Foronya si za kulalia. Utaona kazi yake tutakapofika kambini.

Chakula kisichoharibika. Mahamri, mkate wa mofa, tende, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, samaki wa kukaanga aliyekauka vizuri. Kahawa na tangawizi kwa ajili ya jioni. Nyama mbichi iacheni nyumbani.

Jiko. Gesi ndogo, au seredani na makaa yake mliyonunua mjini. Msitegemee kuokota kuni. Mikoko hukatwa kwa kibali tu, na kijiti kikavu mnachokiona ufuoni kinaweza kuwa kimefunika kiota cha kasa.

Vinginevyo: tochi ya kichwani kwa kila mtu, pawabanki, plasta, dawa ya kusafishia jeraha, dawa ya mbu, mwiko mdogo wa kuchimbia, na mfuko wa nguo wa kurudishia taka. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, basi msiijaze safari nayo.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi

Hii ndiyo hatua ambayo wanaoshindwa huiruka, na nitakaa nayo kidogo.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Lamu hujaa sana karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Hukupwa sana karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yanapojaa, na hata yakitoka hayaendi mbali.

Sasa tazama faida yake. Siku ya bamvua, ukitoka Shela saa kumi na mbili asubuhi, maji yameshatoka kwa muda wa saa mbili. Ufuo unazidi kupanuka mbele yako kila unavyokwenda, na chini ya miguu una mchanga uliolowa, mgumu kama sakafu. Kilomita 12 unazimaliza kwa muda wa saa tatu za mwendo wa kawaida, pengine nne pamoja na mapumziko. Unafika mwisho wa ufuo maji yakiwa yamekupwa kabisa na jua halijakaza.

Siku ya maji mafu, saa hiyo hiyo uliyotoka, bahari inakuja. Mchanga mgumu unabaki ukanda mwembamba, halafu unaisha. Mchangani pakavu mwendo hushuka hadi nusu, na hapo saa tatu zinakuwa sita.

Kwa hiyo tazama kalenda ya Kiislamu. Tarehe 14 hadi 16 ya mwezi ni nzuri, na vilevile tarehe 29 hadi ya kwanza ya mwezi mpya. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, basi tarehe 16 mtatoka kwa kuchelewa kidogo kuliko tarehe 14. Kanuni ni rahisi: mguu wa kwanza uanze muda wa saa mbili baada ya maji kujaa.

Onyo kubwa la saa. Majedwali ya maji, yawe ya Mamlaka ya Bandari au ya kwenye simu, huandika saa za kizungu. 04:10 ni saa kumi na dakika kumi alfajiri. 10:20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mtu akiona 10:20 akasoma "saa kumi", amegeuza kupwa kuwa kujaa na kujaa kuwa kupwa, kamili kabisa, na kundi zima litajikuta ufuoni wakati mbaya kuliko zote. Andika saa kwa maneno kwenye karatasi, uwape wenzako wote.

Msimu. Wakati wa Kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo unakusukuma mgongoni kutoka Shela kuelekea Kipungani. Januari na Februari ni miezi mikavu na ndiyo ninayoipendekeza, ijapokuwa joto ni kali. Kusi hukuvumia usoni na mchanga, na mawimbi yake hula ufuo. Masika, Aprili hadi Juni, usijaribu. Ramadhani pia iepuke: kutembea juani umefunga si salama, na kula mchana mbele ya kijiji kilichofunga si adabu. Wiki ya Maulidi mji hujaa wageni, boti na viongozi hawapatikani.

*Utajua hatua hii imekaa sawa* ukiweza kumwambia mtu, bila kufungua simu, siku yako maji yatajaa saa ngapi na kukupwa saa ngapi.

## Hatua ya 2: Pata kiongozi, umjaribu kwa maswali matatu

Njia ni nyoofu, basi kiongozi wa nini? Wa mambo mawili. Kwanza, sehemu ya katikati ya ufuo ni tupu, na mgeni aliye peke yake na begi hapaswi kuwa pale. Pili, Kipungani ni kijiji cha watu, na unahitaji mtu wa kukuingiza kwa heshima.

Mtafute Shela au mjini Lamu kupitia nyumba unayolala au mtu unayemwamini. Anayekufuata gatini kabla mguu haujagusa nchi kavu si lazima awe mbaya, ila usifunge naye mkataba palepale. Mwombe kitambulisho cha kazi, halafu umuulize haya:

"Tarehe hiyo maji yatakupwa saa ngapi?" Mjuzi atajibu papo hapo, au atakuuliza siku hiyo mwezi utakuwa na umri wa siku ngapi. Asiyejua atatoa simu.

"Kipungani tutalala kwa nani?" Jibu liwe na jina la mtu. "Tutaona tukifika" si jibu.

"Mmoja wetu akishindwa katikati, anatoka vipi?" Jibu zuri lina boti, lina nahodha anayejulikana, na lina saa ya maji. Linaweza pia kuwa punda wa kumrudisha Shela. Akicheka na kukwambia hakuna anayeshindwa, mshukuru na uendelee kutafuta.

Malipo yapangwe yote kabla ya safari: ya kiongozi, ya punda au boti, ya mahali pa kulala, ya chakula cha kiongozi mwenyewe. Nusu mtangulizie, nusu apewe mkirudi. Na yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Ugomvi mwingi wa safari hizi hauhusu kiasi cha pesa. Huhusu kitu kimoja ambacho kila upande ulidhani mwenzake ndiye analipa.

## Hatua ya 3: Omba ruhusa kabla ya kufika

Kulala juu ya vilima vya mchanga vya Shela ni kosa ambalo wageni hulifanya kwa sababu panapendeza. Msilale pale. Mvua ikinyesha, maji huzama ndani ya vilima vile na kukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini, kwa sababu maji baridi, yasiyo na chumvi, ni mepesi. Visima vya hapo ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu, na eneo limehifadhiwa kwa sababu hiyo. Kila choo kinachochimbwa juu ya kilima kina njia ya kushukia kisimani.

Kiongozi wako apige simu Kipungani siku kadhaa mapema, azungumze na mzee wa kijiji, akubaliane naye mahali. Kwa kawaida mtaelekezwa kwenye kiwanja cha mtu, karibu na nyumba lakini si mlangoni. Mkifika, mzee huyo ndiye wa kwanza kusalimiwa, kabla ya kutua mizigo. "Asalamu alaykum" kwa wote, "shikamoo" kwa wakubwa, halafu subirini mkaribishwe.

Waambieni pia watu wawili wasiosafiri nanyi: mtu wa nyumba mnayoondoka, na mwingine mjini. Wajue mmetoka saa ngapi, mnalala kwa nani, na kesho mtafika mjini saa ngapi. Kama kuna tangazo lolote la usalama siku hizo, polisi wa Lamu ndio wa kuulizwa.

## Hatua ya 4: Tanguliza mizigo

Mtu mwenye kilo 15 mgongoni hafurahii chochote. Kuna njia mbili za kujinusuru.

Ya kwanza ni boti. Mizigo ya kambi na maji ya siku ya pili hupelekwa Kipungani siku moja kabla, kwa kupitia upande wa ndani wa kisiwa, kando ya mikoko. Upande huo una vina vifupi, kwa hiyo boti hupita maji yakijaa. Siku za bamvua maana yake ni saa kumi jioni. Mzigo uandikwe jina na upokelewe na mtu wa kule.

Ya pili ni punda anayetembea nanyi. Ni njia ya kienyeji zaidi, na ina faida ya kumbeba mtu aliyeumia mguu. Ila punda si lori. Kilo 40 kwa mwendo huo zinamtosha, zigawanywe sawa pande mbili, na chini ya matandiko pawe na gunia laini. Kagua mgongo wake kabla hamjafunga mzigo. Ukiona kidonda, mkatae punda huyo, hata mwenyewe akiapa kwamba kinapona. Punda naye anywe maji yake. Hesabuni dumu moja zaidi.

Begi lako wewe la siku libaki na vitu hivi tu: lita 3 za maji, chakula cha asubuhi, ORS, kikoi, plasta, simu. Ukilibeba na likawa zito, kuna mahali umejidanganya.

## Hatua ya 5: Toka Shela kwa saa

Laleni Shela usiku wa kuamkia safari. Kutoka Lamu mjini hadi Shela ni kilomita 3 hivi, karibu dakika 45 kwa miguu, na ukianzia mjini umeshapoteza saa yenye thamani kuliko zote.

Amkeni na adhana ya Alfajiri. Kunyweni nusu lita ya maji kila mmoja kabla ya chai, kwa sababu usiku mzima mwili umekauka. Chai na mahamri mawili yatosha. Endeni chooni, nasema hili bila haya, kwa sababu mbele hakuna.

Pakeni mafuta ya jua masikioni, nyuma ya shingo na nyuma ya magoti. Mnaelekea kusini-magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi lote litakuwa mgongoni, na watu huzikumbuka nyuso wakasahau huko nyuma.

Mkifika ufuoni, tazameni mchanga. Panatakiwa kuwa na ukanda mpana uliolowa, unaong'aa, usio na maji juu yake, upana wa barabara. Ukiuona, anzeni. Kama wimbi bado linagusa mchanga mkavu, kaeni chini msubiri. Kulazimisha dakika hizo thelathini kutaichosha miguu zaidi ya saa mbili za baadaye.

## Hatua ya 6: Namna ya kutembea

Tembeeni kwenye mstari ambapo nyayo huacha alama lakini hazizami. Mkienda karibu mno na maji, ufuo huinama na mguu mmoja unakuwa chini ya mwenzake kwa kilomita nzima. Nyonga zitalalamika usiku. Kila baada ya muda sogeeni juu kidogo, mpate pa sawa.

Simameni kila dakika 45, mnywe, hata asiyesikia kiu. Mkojo ndio kipimo: ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa kunywa. Pakiti ya kwanza ya ORS inywewe katikati ya njia, msingoje mtu aumwe.

Msioge baharini njiani. Huu ni ufuo wa bahari kuu, hauna mwamba wa kuvunja mawimbi mbele yake, na hakuna wa kukuokoa. Mkitaka kulowa, ingieni mpaka magotini, na mkokote nyayo badala ya kuziinua. Taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujilaza ndani ya mchanga kwenye kina kifupi, akisikia mtikisiko huondoka. Akikanyagwa hupiga kwa mwiba. Aliyechomwa atumbukizwe mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, maumivu hupungua, kisha apelekwe hospitali.

Mkiona mburuzo mpana unaotoka baharini kwenda juu, kama tairi la trekta limepita, huyo ni kasa aliyepanda kutaga. Msiufuate hadi kwenye kiota, msichimbe, msikanyage. Kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, na mayai yale hukaa mchangani karibu miezi miwili kabla ya kuanguliwa.

Mahali pa kuamua. Mkishatembea muda wa saa moja na nusu, simameni kwa makusudi na kila mmoja aseme hali yake. Kichwa kinauma? Kichefuchefu? Umeacha kutoa jasho? Mtu anayejibu ovyo au anayenyamaza ghafla ndiye wa kutazamwa. Mkalisheni chini ya kikoi kilichoshikwa na wawili, mloweshe shingo na kwapa, mnywesheni ORS kidogo kidogo. Asipopata nafuu kwa dakika ishirini, au akiwa anajibu ovyo, safari yake imekwisha: arudi na punda, au boti iitwe. Hospitali ya King Fahd iko Lamu mjini. Kuamua hapa ni rahisi, kwa sababu kurudi ni karibu. Mkishapita nusu, mbele ndiko karibu.

*Mtajua mmekaribia kufika* vilima vikianza kushuka, ufuo ukakata kona kulia, na mbele ikaonekana rangi ya kijani nzito ya mikoko. Pale kwenye kona maji ya mlango wa bahari hupita kwa kasi ingawa juu yametulia. Ni mahali pazuri pa kukaa na pabaya pa kuogelea.

## Hatua ya 7: Piga kambi mahali pasipofikiwa na maji

Bamvua ile iliyowasaidia asubuhi ndiyo itakayowafuata usiku. Saa kumi alfajiri, mkiwa usingizini, bahari itapanda kuliko siku nyingine zote za mwezi.

Kama mzee amewaonyesha kiwanja ndani ya kijiji, hamna wasiwasi. Kama amewaruhusu ufuoni, tafuteni mstari wa mwani. Utaona mistari miwili. Wa chini ni wa mwani mbichi, mweusi, unaonuka chumvi, ulioachwa alfajiri ya leo. Wa juu ni wa mwani uliokauka, pamoja na vijiti vya mkoko, maganda ya nazi na kandambili moja ambayo daima ni ya kushoto. Hema liwe juu ya huo wa pili, na hatua kumi zaidi.

Msilale chini ya mnazi. Nazi haina taarifa. Mwembe ni bora, una kivuli na maembe yake hayavunji kichwa.

Sasa zile foronya. Vigingi vya chuma vya hema havishiki mchangani. Upepo wa kwanza unaving'oa. Jaza foronya mchanga nusu yake, funga mdomo, halafu funga kamba katikati ya kifurushi chenyewe. Chimba shimo linalofika kiwiko, laza kifurushi kwa ubavu, kamba ielekee hemani, fukia na ukanyage mpaka mchanga ulie. Mwaga maji ya bahari juu yake ili ushikane. Vuta kamba kwa uzito wako wote ukiegemea nyuma. Isipotikisika, nenda ya pili. Foronya nne kwa hema dogo hutosha, nane wakati wa upepo. Asubuhi mnamwaga mchanga mnarudi na vitambaa.

Mlango wa hema uelekee mbali na upepo. Moto au seredani iwe upande ule upepo unakokwenda, hatua kumi na tano kutoka hemani.

## Hatua ya 8: Jioni na usiku

Vaeni nguo za heshima mnapoingia kijijini, wanawake kanga mbili, wanaume suruali au kikoi na shati. Pombe msiwe nayo kabisa. Picha za watu ziombwe kwanza, na za watoto waombwe wazazi.

Nunueni kitu cha hapo. Kipungani husuka mikeka, na mkeka ulionunuliwa kwa aliyeusuka ni shukrani inayoeleweka kuliko maneno. Mkiweza, agizeni chakula cha jioni kwa nyumba moja badala ya kupika. Wali wa nazi na samaki wa siku hiyo utawashinda kwa sufuria zenu zote, na pesa inabaki kijijini.

Maji ya kisima cha hapo yachemsheni kabla ya kunywa. Yana chumvichumvi kidogo, tumbo la mgeni hulalamika.

Choo ni cha kijiji, muulize mwenyeji. Kama hakuna njia nyingine, chimbeni mbali na visima na mbali na ufuo, kina cha kiwiko, mfukie vizuri.

Tochi zisielekezwe baharini usiku. Kasa anayepanda akiona mwanga hugeuka. Chakula kifungwe ndani ya sufuria yenye jiwe juu, kwa sababu kaa watakuja na watakuwa wengi. Viatu vipinduliwe, na asubuhi vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Nge hupenda pahali penye joto la jasho. Chandarua kipachikwe kabla ya Magharibi, mbu wa mikokoni hawasubiri Isha.

## Hatua ya 9: Kurudi kwa Matondoni

Siku ya pili bahari haina amri juu yenu, jua ndilo lenye amri. Tokeni saa kumi na mbili unusu. Njia inapita ndani, mashambani, chini ya minazi na miembe. Kipungani hadi Matondoni ni kiasi cha muda wa saa mbili, na Matondoni hadi mjini ni kiasi hicho au zaidi kidogo. Kuna njia panda nyingi za punda, na hapa ndipo bila kiongozi mtu anazunguka shamba moja mara tatu.

Mchanga wa vijiani ni mkavu na laini, kwa hiyo fupisheni hatua, msishindane nao. Kivuli kipo, kitumieni.

Matondoni pumzikeni ufuoni, mafundi wanakoundia vyombo. Mkikuta jahazi liko juu ya magogo, salimuni kwanza, halafu muulize kama mnaweza kutazama. Aliyechoka anaweza kupanda boti hapa hadi mjini, lakini tena kwa saa ya maji: bamvua, alasiri. Asiyeweza kungoja atembee asubuhi na wenzake.

Mkifika mjini, mpigieni simu yule mliyemwambia mtafika, mmalizieni kiongozi nusu yake papo hapo, kisha mfungue mabegi. Hema, zipu na jiko vioshwe kwa maji baridi siku hiyo hiyo na kuanikwa kivulini. Chumvi ikilala kwenye zipu usiku mmoja, kesho haifunguki.